Kuunda BMX ya flatilendi kipuri kwa kipuri

Flatilendi ni mchezo wa BMX, baiskeli ndogo ya magurudumu ya inchi 20, unaochezwa papo hapo chini, kwenye sakafu tambarare: uwanja wa mpira wa kikapu, maegesho ya magari yakiwa tupu, baraza pana la saruji. Hakuna rampu, hakuna ngazi. Mchezaji husimama juu ya pegi (vibomba vilivyofungwa kwenye ncha za ekseli), huizungusha fremu chini ya miguu, hurudi kinyumenyume kwa gurudumu moja, hugeuza usukani nyuma mbele baiskeli ikiwa bado inatembea. BMX ya kawaida ya dukani imeundwa kwa kuruka na kutua. Itakufaa wiki za mwanzo, kisha itaanza kukukatalia: goti litagonga usukani, kidole cha mguu kitabanwa kati ya tairi na fremu, na pedali zitazunguka zenyewe kila unaporudi nyuma na kukupokonya mguu.

Kabla ya kununua hata nati moja, elewa jambo hili, kwa maana kila uchaguzi wa kipuri hapa chini unatoka humo. Chora akilini mstari unaopita katikati ya shingo ya fremu, kutoka juu ya stemu (kipande kinachoshika usukani) hadi ardhini. Huo ndio mhimili wa usukani. Kwenye BMX ya kuruka, mhimili huo ni wa kukatia kona tu. Kwenye flatilendi ndio nguzo ya nyumba: mwili unasimama karibu nao, na fremu na foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) huuzunguka kwa zamu. Kipuri cha flatilendi kina kazi mbili: kusogeza uzito karibu na mhimili huo, na kuifanya baiskeli ikae mkononi vilevile, usukani ukiwa umeelekea mbele au umegeuzwa nyuma. Kipuri kisichosaidia lolote kati ya hayo mawili ni mzigo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Michezo ya Bob Haro, mmoja wa waanzilishi wa fristaili (BMX ya kuonyesha ufundi), na wenzake huko California, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mingi ilikuwa ya kusimama: unabana breki, unajisawazisha, unarukaruka pale pale, unarudi kitini. Kisha Kevin Jones na vijana wenzake wa York, Pennsylvania, wakaugeuza kuwa mchezo wa kutembea, baiskeli isisimame kati ya tendo moja na jingine. Baada ya hapo breki zikapungua, foku zikanyooka, fremu zikafupika, na habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ikabadilika kabisa. Kwa hiyo ukikuta fremu ya zamani inauzwa kwa jina la fristaili, ipime kwanza. Nyingi ni za enzi ile ya kusimama na breki.

Fremu

Kipimo cha kwanza ni urefu wa bomba la juu. BMX za mitaani na za rampu siku hizi huwa na inchi 20.5 hadi 21.25. Za flatilendi huwa kati ya 18.5 na 20. Mwenye urefu usiofika sentimita 165 aanzie 18.5 hadi 19. Wa sentimita 165 hadi 178 achukue 19 hadi 19.5. Mrefu zaidi ya hapo, 19.5 au 20. Fremu fupi huzunguka haraka na huchosha kidogo. Ndefu hutulia zaidi ukiwa umesimamia gurudumu la nyuma. Anayesitasita kati ya saizi mbili achukue fupi, mradi magoti yake hayagusi usukani.

Pembe ya shingo iwe nyuzi 75 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 74, gurudumu la mbele huanguka upande lenyewe kila unapogeuza usukani, na utapoteza nguvu ya mikono kulizuia. Upande wa nyuma, pima kutoka katikati ya kasha la krenki (mikono ya pedali) hadi katikati ya ekseli: inchi 13 au pungufu ndiyo inayofaa, kwa sababu nyuma ikiwa fupi mbele huinuka bila kuvutwa sana. Bomba la juu liwe limeinama kuelekea kitini, ili mguu upite juu yake bila kukwama.

Chuma kiwe kromoli 4130 fremu nzima, si mabomba matatu ya mbele tu. Fremu iliyotumika, ifute vumbi nyuma ya shingo, pale bomba la juu na la chini yanapoungana nayo, uiangalie kwa tochi ukiwa umeulaza mwanga upande. Mstari mwembamba kwenye rangi, unaofuata ukingo wa weldi, ni ufa. Usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Muulize muuzaji vipimo vinne na uviandike: shingo ni ya beringi za ndani za inchi 1 na 1/8, zenye pembe 45/45? Kasha la krenki ni la Mid, yaani beringi za milimita 41? Mdomo wa ekseli ya nyuma ni wa milimita 14? Bomba la kiti linapokea mlingoti wa milimita 25.4? Majibu yakiwa ndiyo mara nne, karibu vipuri vyote vya kisasa vitaingia. Fremu za zamani zenye kasha kubwa la milimita 51.3 hutumia krenki ya kipande kimoja. Zinabadilishika kwa kikombe cha kugeuzia, lakini ni uzito juu ya uzito.

Foku, na kwa nini ni muhimu kuliko rangi ya fremu

Shika foku ya kawaida uitazame kwa ubavu. Ekseli haiko sawa na shina lake. Imesogea mbele kwa milimita 26 hadi 32. Mradi unaenda mbele hilo halina ubaya. Sasa geuza foku nyuma mbele. Ekseli iliyokuwa milimita 32 mbele ya mhimili sasa iko milimita 32 nyuma yake. Gurudumu limerudi milimita 64 kuelekea fremu, shingo imepanda, na nafasi ya kidole cha mguu kati ya tairi na bomba la chini imekwisha. Baiskeli imekuwa baiskeli nyingine katikati ya mchezo.

Foku ya flatilendi huwa na msogeo wa sifuri hadi milimita 20. Ukiwa na sifuri, mbele na nyuma ni kitu kimoja. Wengi wanaoanza hawaizoei haraka foku ya sifuri. Kwao milimita 10 hadi 15 ni mahali pazuri pa kuanzia. Fedha ikiwa ndogo, tumia kwenye foku kabla ya fremu. Foku nzuri kwenye fremu ya kawaida hubadilisha mchezo. Fremu nzuri yenye foku ya mtaani haisaidii kitu.

Stemu nayo hufuata hesabu ileile. Stemu ya milimita 50 huweka mikono milimita 50 mbele ya mhimili. Ukigeuza, mikono iko 50 nyuma. Chukua ya milimita 0 hadi 30. Usukani uwe haujapinda kurudi nyuma kwenye ncha, au upinde kwa nyuzi 1 tu, kwa sababu hiyohiyo. Urefu wa kupanda kati ya inchi 8.5 na 9.5 unawafaa wengi, upana inchi 25 hadi 27. Nunua mpana, kisha ukate milimita 5 kila upande kwa siku tofauti hadi magoti yapite. Kilichokatwa hakirudi.

Habu ya nyuma: frikosta

Hapa ndipo kazi ilipo. Habu ya kawaida ya BMX ina meno ya kushika ndani yake. Ukienda mbele bila kukanyaga, meno hurukaruka na pedali hutulia. Ukirudi nyuma, meno hushika na kuzisukuma pedali kinyumenyume, nawe lazima uzifuate kwa miguu. Kwenye flatilendi mguu mmoja uko kwenye pegi na mwingine uko hewani, kwa hiyo hakuna wa kuzifuata.

Frikosta haina meno. Gia yake ndogo imeungana na hesi pana ya msokoto, na juu ya hesi hiyo imevalishwa koni ya klachi. Ukikanyaga mbele, hesi huisukuma koni hadi ibane ukuta wa habu, gurudumu likavutwa. Ukiacha kukanyaga, gurudumu linalotembea huisokota koni irudi, mwanya ukafunguka, na kuanzia hapo gurudumu linazunguka mbele au nyuma bila habari na pedali. Kuna springi ndogo inayoizuia koni isizunguke ovyo. Springi hiyo ikichoka, koni haisogei tena kwenye hesi, nawe unakanyaga hewa.

Kutokana na maumbile hayo kuna tabia moja ya kujifunza: kabla ya kuanza kurudi nyuma, rudisha pedali kidogo, kiasi cha upana wa vidole viwili. Hapo koni imeachia hakika. Ukiingia kinyumenyume koni ikiwa bado imebana, itabana zaidi, na pedali zitakurusha.

Mwanya hurekebishwa kwa washa nyembamba ndani ya habu, au kwa skrubu kwenye baadhi ya habu. Kupima, zuia gurudumu lisisogee, rudisha pedali hadi ilegee, kisha isukume mbele hadi ishike. Umbali huo uwe kati ya sehemu moja ya nane na robo ya mzunguko wa krenki. Ukipungua, pedali zitanaswa unaporudi nyuma. Ukizidi, kila unapokanyaga mguu utaanguka kwenye utupu kisha ugonge.

Kuna njia ya bei nafuu, nayo ndiyo asili ya frikosta zenyewe: habu ya breki ya kurudisha pedali, kama zile za baiskeli za mitumba za watoto. Ndani yake mna koni na hesi ileile, pamoja na viatu vya breki. Fungua, toa viatu, safisha, rudisha kila kitu kingine mahali pake. Mkono wa chuma wa upande wa kushoto uache ukiwa umefungwa, kwa sababu ndio unaoizuia sehemu isiyozunguka ambayo springi inaiegemea. Kumbuka mambo mawili. Umetoa breki ya nyuma, hivyo baiskeli hiyo haina budi kuwa na breki ya mbele. Pia ekseli yake ni ya takriban milimita 10. Ukisimamia pegi kila siku itapinda. Ni ya kujifunzia, huku ukiweka akiba ya frikosta halisi yenye ekseli ya milimita 14.

Kusuka gurudumu

Rimu nyepesi ya inchi 20, matundu 36, spoku zivukane mara tatu. Kosa kubwa hapa ni kununua spoku kwa kukisia. Hesabu yake inamalizika kwa kikokotoo cha simu, nayo inataka vipimo vitatu. Cha kwanza ni kipenyo cha rimu kutoka kichwa cha nipeli (nati ndogo inayokaza spoku) upande mmoja hadi kichwa cha nipeli ya upande wa pili. Kipime kwa spoku mbili za zamani zilizokatwa na kuvalishwa nipeli. Cha pili ni kipenyo cha duara la matundu ya habu. Cha tatu ni umbali kutoka katikati ya habu hadi ukingo wenye matundu.

Chukua mfano: rimu milimita 386, duara la habu 56, umbali wa pembeni 35. Nusu ya 386 ni 193, na kipeo chake cha pili ni 37,249. Nusu ya 56 ni 28, kipeo cha pili 784. Kipeo cha pili cha 35 ni 1,225. Kwa spoku 36 zinazovukana mara tatu, pembe ni nyuzi 60 na kosaini yake ni 0.5, kwa hiyo unatoa 2 × 193 × 28 × 0.5, yaani 5,404. Jumlisha zile tatu za kwanza, utoe hiyo: inabaki 33,854, na kipeuo chake cha pili ni 184. Toa milimita 1 na kitu kwa ajili ya tundu la habu: spoku ya 183. Fanya hesabu kwa kila upande, maana pande mbili za habu ya nyuma mara nyingi hazilingani.

Wakati wa kukaza, usimalize spoku moja kabla ya nyingine. Zungusha nipeli zote kwa nusu mzunguko, kisha tena, ukianzia kwenye tundu la vali ili usipotee. Spoku zikianza kulia kama uzi wa gitaa, zigonge kwa kidole: za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Inayolia chini sana kuliko wenzake imelegea, na ndiyo itakayokatika.

Pegi

Pegi nne, za aluminiamu. Za chuma ni za wanaosereresha juu ya vyuma vya ngazi. Hapa unazikanyaga tu. Na hiki ni kipuri ambacho mkerezaji yeyote mwenye mashine ya kukerezea anaweza kukutengenezea kutoka kwenye nondo ya aluminiamu 6061. Mpe vipimo hivi: urefu milimita 110, kipenyo cha nje 40, tundu la ndani 30 ili soketi ya spana iingie, kitako kiwe na unene wa 8. Kwenye kitako atoboe tundu la 14.5 kwa pegi mbili za nyuma na 10.5 kwa mbili za mbele, kwa sababu ekseli ya mbele ni ya takriban milimita 10. Usikubali matundu yote yawe 14.5 eti washa itajazia. Pegi itakaa pembeni ya ekseli na italegea kila siku.

Pegi ya vipimo hivyo ina uzito wa gramu 175 hivi. Ya chuma ya vipimo vilevile inakaribia gramu 510. Kwa pegi nne tofauti inapita kilo moja na robo, tena mwishoni mwa ekseli.

Sehemu ya nje ichorwe meno madogo kwenye mashine, au izungushiwe karatasi ya kukwaruza ya ubao wa kuteleza. Ekseli itokeze walau milimita 20 nje ya uso wa fremu: 8 za kitako, 2 za washa, 10 za nati. Nati ikishika hesi tatu tu itachubuka, na itachubuka ukiwa umesimama juu yake.

Krenki, gia, tairi, kiti

Krenki fupi, milimita 150 hadi 165, ili pedali zisikwaruze sakafu baiskeli ikiinama na zisikuguse ugoko. Spoketi ya mbele meno 22 hadi 25, ya nyuma 9. Kwa 22 na 9, mzunguko mmoja wa pedali hukupeleka takriban mita 3.8, mwendo unaotosha kuingilia mchezo; 25 na 9 ni mita 4.3. Cheni ni ya 1/2 kwa 1/8, kipimo kilekile cha Phoenix na baiskeli nyingine za mizigo, kwa hiyo haitakusumbua kuipata. Tafuta na nusu pingili moja ya akiba, kazi yake inakuja.

Tairi ya 20 × 1.75, yenye meno madogo au laini kabisa, inayobeba upepo wa psi 100 au zaidi. Soma ubavuni. Tairi nyingi za baiskeli za watoto zinaishia psi 40 hadi 65. Ukizipandisha hadi 100 zitatoka kwenye rimu. Upepo mwingi hupunguza mguso na sakafu, baiskeli huzunguka bila kunata. Kiti chembamba, kidogo, chepesi, na mlingoti mfupi. Kitumike kushikwa kwa mkono na kubanwa kwa magoti, si kukaliwa. Pedali za plastiki zenye hesi ya 9/16 zinatosha, na hazikuchani mguu.

Breki

Wapo wanaocheza bila breki kabisa. Anayeanza aweke ya mbele. Inamwezesha kusimamisha gurudumu la mbele pale anapojifunza kusimamia pegi zake, na inamfikisha uwanjani salama, kwani uwanja wenyewe hufikiwa kwa barabara yenye daladala na bodaboda. Waya upitishwe ndani ya shina la foku, kupitia bolti ya juu yenye tundu, ili usukani uzunguke bila kuusokota. Breki ya nyuma inataka kifaa cha kuzungukia waya chini ya stemu; hicho kiongeze baadaye, kama utakihitaji kweli.

Kuunganisha

Andaa spana za L za milimita 5, 6 na 8, spana ya 15 na ya 17 pamoja na soketi ndefu za saizi hizo, kitoa pini cha cheni, ufunguo wa nipeli, grisi, na nondo ya hesi ya M12 ya sentimita 20 yenye nati mbili na washa pana.

Anza na beringi za krenki. Hakikisha tundu lake linalingana na shafti yako, milimita 19 au 22. Paka grisi ndani ya kasha, weka beringi ya kwanza, pitisha nondo ya M12 na washa, kaza nati polepole. Washa isukume ukingo wa nje wa beringi. Ikisukuma wa ndani, umeharibu beringi kabla haijatembea. Ingiza kibomba cha kati, kisha beringi ya pili, na usimame mara tu kibomba kinapogusa beringi zote mbili. Ukiendelea kukaza, shafti itakuwa nzito na beringi zitakufa ndani ya wiki chache. Usitumie nyundo hapa hata kama fundi jirani anasema ndivyo afanyavyo siku zote.

Beringi za shingo huingia kwa mkono. Zikihitaji kugongwa, si saizi yake. Ya chini, ya juu, kisha pete ndogo iliyopasuliwa, kifuniko, washa za kupandisha, stemu. Pete ile iliyopasuliwa hupotea kirahisi kwenye karatasi ya kufungia, na bila hiyo shingo itagonga hata ukaze vipi. Shina la foku liishie milimita 3 chini ya ukingo wa stemu, ndipo bolti ya juu ipate cha kubana. Kaza bolti ya juu kwanza hadi kuchezacheza kwa shingo kuishe, kisha za pembeni za stemu. Usukani uulaze sambamba na miguu ya foku ukiutazama kwa ubavu, halafu kaza bolti zake nne kwa kuvuka, robo mzunguko kila moja, mwanya wa juu na wa chini ubaki sawa.

Krenki na spoketi zifuate. Weka rula ya chuma kwenye uso wa spoketi na uielekeze nyuma: ipite sawa na gia ndogo ya habu. Ikipotoka, hamisha washa za shafti upande mmoja kwenda mwingine. Cheni iliyopinda hutoka, na kwenye frikosta huivuta gia upande hadi beringi yake ilike.

Sasa gurudumu la nyuma. Lisogeze mbele kadiri inavyowezekana bila tairi kugusa fremu, ukate cheni hapo. Pingili mbili kamili husogeza ekseli milimita 12.7, ambayo mara nyingi ni nyingi mno. Nusu pingili huisogeza milimita 6.35, na ndiyo inayokuwezesha kuibana nyuma iwe fupi. Cheni iwe na ulegevu wa milimita 10 katikati, juu na chini, pale inapokaza zaidi. Ikikazwa kama uzi, frikosta itajikokota na pedali zitazunguka zenyewe. Watu wengi hufungua habu na kubadilisha washa mara tatu kabla ya kugundua kwamba kosa lilikuwa cheni.

Pegi mwishoni, kwa soketi ndefu. Pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume.

Kujaribu, na yanayojitokeza

Inua mbele na usukume usukani mara moja. Uzunguke kwa ulaini, usisimame kwa ghafla. Ukinata sehemu moja kila mzunguko, shingo imekazwa mno au beringi imekaa upande. Kisha zuia gurudumu la mbele kwa ukuta, weka kidole kwenye kiungo cha kifuniko na fremu, sukuma usukani mbele na nyuma. Ukihisi kugonga chini ya kidole, legeza bolti za pembeni za stemu, kaza ya juu kidogo, rudia.

Inua nyuma na uzungushe gurudumu kinyumenyume kwa mkono. Pedali zitulie. Zikifuata, angalia cheni kwanza, halafu mwanya, halafu grisi: grisi nzito kwenye koni huifanya inate kwenye ukuta wa habu. Zikitulia lakini ukikanyaga mbele gurudumu halivutwi kila mara, springi imechoka au koni imejaa mafuta mazito.

Pegi inayozunguka chini ya mguu ni hatari kuliko hitilafu nyingine zote hapa, kwa sababu haitoi taarifa. Chora mstari wa wino kutoka pegi hadi fremu. Mstari ukiachana baada ya mazoezi, weka washa yenye meno kati ya pegi na fremu na ukaze tena.

Asiye na fedha ya kununua vyote kwa pamoja aanze na BMX yoyote iliyo nzima: tairi na upepo kwanza, pegi za mkerezaji, stemu fupi, kisha foku, kisha frikosta, na fremu iwe ya mwisho kabisa. Hakikisha tu foku unayonunua inaingia kwenye shingo ya fremu unayokusudia baadaye.

Baada ya saa tano au sita za kwanza za mchezo, spoku zitakuwa zimejikalia. Zikaze upya, pamoja na nati za ekseli na bolti za krenki. Kila miezi mitatu fungua frikosta, futa koni na ukuta wa habu kwa kitambaa kikavu, tia matone machache ya mafuta mepesi kwenye hesi, na grisi kwenye beringi tu. Washa za mwanya zipange juu ya gazeti kwa mpangilio uleule zilivyotoka, maana zikichanganyika utaanza kupima upya kutoka mwanzo.